Kufundisha Jina "Sheep" katika Sentensi

Mwanafunzi aandikapo "two sheeps" katika daftari lake, aghalabu mwalimu hutia alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, akapita. Sisi twaona kwamba kosa hili lastahili kuangaliwa zaidi. Mtoto huyo amefundishwa kwamba wingi wa majina ya Kiingereza hufanywa kwa kuongeza "s": "goat" huwa "goats", "cow" huwa "cows". Ameishika kanuni, akaitumia mahali isipohusika. Akiadhibiwa bila kuelezwa, huenda akaanza kuishuku kanuni yenyewe, na kesho akaandika "two goat".

Bahati njema, jambo linalomtatiza katika Kiingereza amekwisha kulizoea katika Kiswahili. Twasema kondoo mmoja, kondoo kumi. Jina halibadiliki hata kidogo. Idadi huonekana katika maneno yanayoandamana nalo: kondoo huyu amelala, kondoo hawa wamelala. Basi mwalimu na aanzie hapo. Aandike sentensi hizo mbili ubaoni, awaulize wanafunzi wamejuaje kwamba katika ile ya pili kondoo ni wengi. Wakishajibu, aandike chini yake "This sheep is asleep" na "These sheep are asleep", kisha awaache watafute wenyewe maneno yaliyobadilika.

Hata hivyo, ulinganisho huu una mpaka wake, na hapo ndipo walimu wanaoanza kazi hujikwaa. Kitenzi cha Kiswahili kwa kawaida hubeba idadi: kondoo alikimbia, kondoo walikimbia. Kiingereza husema "The sheep ran" kwa hali zote mbili, na msomaji hawezi kujua kama aliyekimbia ni mmoja au ni kundi zima. Kumtaka mtoto aeleze kama sentensi hiyo ni ya umoja au ya wingi ni kumwonea. Hatuna budi kutunga sentensi zenye neno la kuonyesha idadi, kama "a", "many", "these", "is", "are", "has" au "have". Wala "much sheep" si sahihi, kwa kuwa kondoo huhesabika ijapokuwa jina lake halichukui alama ya wingi.

Tena kuna matamshi. Kiswahili kina irabu moja tu ya "i", hali Kiingereza hutenganisha irabu ya "sheep" na ile ya "ship", yaani meli. Mwanafunzi asemaye "two ships" huweza kusikika kana kwamba amesema "two sheeps", na mwalimu akamsahihisha asiye na kosa. Kabla ya kumkemea, amtake aliandike neno hilo.

Wadadisi watauliza sababu. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100, yalikuwapo majina kadhaa yaliyofanana katika umoja na wingi; "sheep" na "deer" ni masalio yake. (Huyo "deer" haishi katika mbuga zetu, swala na paa ni wa jamii nyingine.) Ama "mice", "geese" na "oxen", hayo yana njia zake, nasi twashauri yaachiwe kipindi kingine.

Kwa kazi ya nyumbani, wapewe sentensi hii: "One brown sheep is drinking, but four white sheep are eating grass." Waifasiri kwa Kiswahili, kisha wapigie mstari, katika lugha zote mbili, kila neno lionyeshalo idadi ya kondoo.