Wadudu Waharibifu wa Mimea katika Kizimba cha Kinyonga

Kinyonga ni nadra kunywa maji yaliyotulia kwenye bakuli. Hunywa matone ya umande au mvua, na akiwa kizimbani hunywa yale yanayonyunyizwa juu ya majani. Jani ndilo kikombe chake. Kwa kinyonga wa Yemeni, Chamaeleo calyptratus, jani ni chakula pia, kwa sababu hutafuna majani kuliko jamaa zake wengi. Kwa hiyo dawa ambayo mkulima angeipulizia shambani bila wasiwasi mkubwa, hapa huishia kinywani mwa mnyama.

Mharibifu msumbufu kuliko wote ni utitiri mwekundu, Tetranychus urticae. Ni jamaa wa buibui mwenye miguu minane, na urefu wake ni kama nusu milimita tu. Hujificha upande wa chini wa jani, akatoboa seli na kufyonza yaliyomo, na jani likajaa vidoa vya manjano muda mrefu kabla utando wake haujaonekana. Joto na ukavu humstawisha: kwenye nyuzijoto 30 hivi, yai hufikia utu uzima kwa takriban wiki moja. Ndiyo maana ukaguzi unafaa uanzie kwenye majani yaliyo karibu na taa ya kuotea joto. Kinyonga wa pembe tatu, Trioceros jacksonii, wa nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru, huhitaji ubaridi na unyevu zaidi, na hali hiyo humpunguzia utitiri kasi ya kuzaliana.

Vidukari, vidung'ata na wadudu gamba hufyonza utomvu. Vidukari majike huzaa watoto hai bila kupandwa, hivyo chipukizi safi huweza kufunikwa nao kwa siku chache. Vidung'ata hujulikana kwa nta nyeupe mithili ya pamba kwenye makutano ya jani na shina. Vidukari, vidung'ata na baadhi ya wadudu gamba hutoa majimaji matamu ambayo huotesha ukungu mweusi na kuwaita sisimizi. Sisimizi hawa wasipuuzwe: huwalinda vidukari dhidi ya maadui zao, na baadhi yao huweza kumng'ata kinyonga.

Vijinzi vyeusi vinavyoruka kutoka kwenye udongo ni kero kuliko hatari. Mabuu yao hula kuvu na vijizizi katika udongo uliolowa mno. Udongo wa juu ukiachwa ukauke kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, wengi hutoweka. Wakiendelea, bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis israelensis, akichanganywa kwenye maji ya kumwagilia, huua mabuu bila kumdhuru mnyama mwenye uti wa mgongo. Karatasi za njano zenye gundi hazina nafasi ndani ya kizimba, kwa kuwa ngozi au ulimi wa kinyonga ukinasa huweza kujeruhiwa vibaya.

Kabla ya tiba yoyote, utambuzi ni muhimu. Utitiri wa mimea hafyonzi damu. Anayefyonza damu ya nyoka na mijusi ni mwingine, Ophionyssus natricis, ambaye huonekana kama nukta nyeusi pembezoni mwa macho, chini ya magamba, au akiwa amezama kwenye chombo cha maji. Huyo ni wa kushughulikiwa na daktari wa mifugo, na kuosha mmea peke yake hakutamwondoa.

Dawa za kutisha zaidi ni zile zinazosafiri ndani ya mmea, kama imidaklopridi. Haziondoki kwa kuoshwa, na huweza kudumu miezi kadhaa. Nyenje aliyeachiwa kizimbani kama chakula hulitafuna jani lenye dawa, kisha kinyonga humla nyenje. Hata asili ya dawa si dhamana. Pareto, ua ambalo limelimwa kwa miongo mingi katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, hutoa sumu kali kwa wadudu, wakiwemo nyenje hao hao, na haifai kupulizwa mahali anapoishi mtambaazi. Mafuta ya mwarobaini nayo yatumike tu mmea ukiwa nje, kisha uoshwe vizuri kabla ya kurudishwa.

Kanuni ni kwamba mmea hutibiwa nje ya kizimba. Maji yenye msukumo, yakielekezwa chini ya majani, huondoa sehemu kubwa ya utitiri na vidukari, na yakirudiwa kila baada ya siku tatu au nne kwa wiki kadhaa huwakuta walioanguliwa baadaye. Marudio hayo ndiyo hasa yanayoshinda, kwa kuwa mayai mengi husalimika mara ya kwanza. Sabuni laini ya potasiamu isiyo na manukato huua wadudu wenye miili laini inapowagusa, mradi isuuzwe kabisa. Vidung'ata na wadudu gamba hufutwa mmoja mmoja kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti ya asilimia 70, na mmea huachwa ukauke.

Njia bora ndani ya kizimba chenyewe ni utitiri mwindaji, Phytoseiulus persimilis, anayetumika pia katika mashamba ya waridi ya Naivasha. Hula utitiri mwekundu na jamaa zake wa karibu, wala hagusi jani. Mayai yake huhitaji unyevu wa hewa wa asilimia 60 au zaidi, na kizimba kinachonyunyizwa maji mara kwa mara humfaa.

Mmea mpya utengwe kwa wiki nne angalau, udongo wa kitaluni uondolewe, na mizizi ioshwe. Aliyeuuza akikiri kutumia dawa inayopenya, au asijue, ni salama zaidi kutoutumia kabisa. Aina kama Epipremnum aureum huota kwa urahisi kwa vipande ndani ya maji, hivyo mfugaji anaweza kuwa na chungu cha akiba na kukibadilisha na kile kinachotibiwa. Mmea ulioshambuliwa sana hutupwa ukiwa umefungwa kwenye mfuko, pamoja na tabaka la juu la udongo, na matawi ya kizimba huoshwa kwa maji ya moto kabla mwingine haujapandwa.