Kasuku mdogo wa Rimatara na panya wa melini

Juzi kwenye kipindi cha asubuhi tulimtaja kwa kifupi kasuku mdogo mwekundu wa Bahari ya Pasifiki, na simu zikaanza kuingia. Wengi mliuliza jambo moja: inawezekanaje panya amalize ndege wa kisiwa kizima? Dakika tatu za redio hazikutosha, ndiyo maana tumeamua kuliandika hapa mlisome kwa nafasi.

Kisiwa chenyewe kinaitwa Rimatara. Kipo katika visiwa vya Polinesia vilivyo chini ya Ufaransa, na ni kidogo kiasi kwamba mtu anakizunguka kwa miguu kabla ya jua kuzama. Watu wake hawafiki elfu moja. Kasuku tunayemzungumzia wao humwita 'ura, neno ambalo kwao lina maana ya wekundu. Urefu wake ni kama sentimita 19 tu, kuanzia mdomo hadi ncha ya mkia. Mgongo ni wa kijani, kifua na tumbo ni vyekundu vya kuwaka, na kisogoni ana rangi ya zambarau. Tofauti na kasuku mnaowafahamu nyinyi, wale wanaovamia mahindi, huyu chakula chake kikubwa ni asali ya maua. Ulimi wake una nywelenywele nchani kama brashi, na kwa huo hulamba maua ya minazi, migomba na miti mingine iliyo karibu na nyumba za watu.

Wekundu wake ndio uliomponza. Zamani machifu wa Polinesia walivaa mikanda na vilemba vya manyoya mekundu, na manyoya hayo yalikuwa na thamani kubwa kuliko tunavyoweza kufikiria leo. Katika visiwa vya kusini vya Cook, ambako ndege huyu huitwa kura, alikuwepo tangu kale. Mifupa yake imechimbwa huko. Aliwindwa mpaka akatoweka kabisa. Rimatara alisalia, na wenyeji wanajua sababu. Karibu na mwaka 1900 malkia wa kisiwa hicho, Tamaeva, aliweka mwiko: asiguswe. Hakukuwa na askari wa wanyamapori wala faini, ila neno la malkia lilishika, na wajukuu na vitukuu wakaendelea kulishika.

Mwiko lakini humzuia mtu, haumzuii panya.

Hapa tukae kidogo. Panya si wote sawa. Rimatara wapo panya wadogo wa Pasifiki, na 'ura ameishi nao miaka mingi. Anayeogopwa ni panya mweusi, yule anayesafiri melini na ambaye sisi tunamjua vizuri kwenye mapaa ya nyumba zetu. Huyu ni mpandaji hodari. Ukikuta dafu limetobolewa tundu la duara likiwa bado juu mtini, kazi mara nyingi ni yake. Sasa fikiria kiota cha 'ura. Kipo ndani ya pango la mti, mlango ni mmoja tu, na jike hutaga mayai mawili kwa kawaida. Panya akiingia usiku, mama hana pa kutokea. Yanaliwa mayai, yanaliwa makinda, na mara nyingine mama mwenyewe pia. Panya jike mmoja mwenye mimba akishuka kwenye mzigo wa boti, baada ya miaka michache kisiwa kimejaa.

Kwa hiyo wataalamu walikuwa na hofu ya mayai yote kuwa katika kikapu kimoja, na safari hii mayai ni mayai kweli. Wapo 'ura wengine katika visiwa vichache vya Kiribati ambako watu waliwapeleka zamani, lakini katika asili yao walibaki Rimatara peke yake. Gerald McCormack, mtaalamu wa viumbe wa Visiwa vya Cook, akaongoza juhudi za kuwapatia makao ya pili. Kilichaguliwa kisiwa cha Atiu, kwa kuwa uchunguzi ulionyesha hakina panya mweusi. Watu wa Rimatara waliombwa ridhaa, maana ndege walikuwa wao, wakakubali. Mwezi Aprili 2007 kasuku 27 walinaswa kwa nyavu nyembamba, wakasafirishwa kwa ndege na kuachiliwa Atiu. Haukupita muda mrefu wakaanza kuzaa.

Hapo likajitokeza tatizo lingine. Atiu ilikuwa na ndege aitwaye maina, wa jamii ya kwezi, aliyeletwa visiwani mwanzoni mwa karne ya 20 ili ale wadudu walioharibu minazi. Maina ni mkorofi, na akawa anawasumbua kura kwenye viota vyao. Kuanzia 2009 watu wa Atiu wakaanza kumwondoa kwa sumu, mitego na bunduki, na walioleta maina waliouawa walilipwa. Kazi hiyo ilichukua miaka. Maelfu waliuawa, lakini wale wa mwisho ndio waliosumbua zaidi, kwa sababu walishajifunza kumtambua mwenye bunduki.

Wasikilizaji wetu wa pwani watakuwa wameshamkumbuka kunguru. Yule mweusi mwenye shingo ya kijivu naye aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 asafishe takataka. Leo anakula vifaranga wa kuku kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam. Nia ilikuwa njema huko na huku.

Kwa sasa ndege huyu bado yumo kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Ulinzi wake unategemea kazi ndogo ndogo za kila siku: kukagua mizigo inayoshuka botini, kuweka chambo cha sumu karibu na gati, kuangalia kama kuna dafu lililotobolewa. Kwenye visiwa vingine vya Polinesia wakulima hufunga kipande cha bati kuzunguka shina la mnazi ili panya ateleze akipanda.

Kama nawe hufunga bati kwenye minazi yako, au una mbinu nyingine, tutumie ujumbe mfupi na utaje kijiji chako. Tutausoma kwenye kipindi cha Jumamosi.