Goti likifanyiwa upasuaji, usisubiri maumivu yaamke

Jioni ya kwanza baada ya upasuaji wa goti, familia nyingi hushangaa. Mama aliyeingia chumba cha upasuaji asubuhi akiwa na hofu, sasa amekaa kitandani anakunywa uji na kuwaulizia wajukuu. Goti halimuumi. Muuguzi akileta vidonge, mama anavikataa: “Siumwi mwanangu, vya nini?” Watoto wanamwacha, wakiona mzazi wao ni jasiri.

Usiku wa manane mambo yanageuka. Goti linawaka moto, mama analia, na vidonge anavyopewa sasa vinachelewa kumtuliza. Asubuhi mtaalamu wa mazoezi ya viungo anakuta mgonjwa hajalala na anaogopa hata kuusogeza mguu.

Upasuaji haujaharibika. Ganzi ndiyo imeisha.

Dawa inayochomwa kwenye goti

Zamani mgonjwa aliyebadilishiwa goti alitegemea zaidi mofini. Dawa hiyo hutuliza, lakini ikiwa nyingi huleta kichefuchefu, usingizi mzito, choo kigumu na, kwa wazee, kuchanganyikiwa. Njia nyingine ni kuchoma ganzi kwenye mshipa mkubwa wa fahamu wa paja. Hiyo nayo hulegeza misuli ya paja, na mgonjwa akijaribu kusimama anaweza kuanguka.

Mwaka 2008 madaktari wawili wa Sydney, Australia, Dennis Kerr na Lawrence Kohan, walichapisha maelezo ya mbinu waliyoitumia kwa wagonjwa 325 wa goti na nyonga. Kabla ya kufunga kidonda, daktari huchoma mchanganyiko wa dawa sehemu nyingi kuzunguka kiungo. Ndani yake kulikuwa na ganzi, dawa ya kupunguza uvimbe, na adrenalini ambayo hubana mishipa midogo ya damu ili ganzi isiondoke haraka. Leo mbinu za aina hii hutumika nchi nyingi, ingawa mchanganyiko hutofautiana kati ya hospitali na hospitali.

Faida yake kubwa ni kwamba maumivu hupungua huku misuli ya paja ikibaki na nguvu. Mgonjwa anaweza kusimama na kupiga hatua chache mapema, na kutembea mapema hupunguza hatari ya damu kuganda mguuni.

Lakini dawa hii ina mwisho. Hufanya kazi kwa saa kadhaa, mara nyingi ndani ya siku ya kwanza tu. Ndiyo maana vidonge hutolewa kwa saa, hata kama mgonjwa haumwi, ili ganzi ikiisha vidonge viwe vimeshaanza kazi. Maumivu yakishapanda, kuyashusha ni kazi ngumu.

Kijana aliyeumia uwanjani

Upasuaji wa goti si wa wazee pekee. Kijana aliyechanika gegedu au kano akicheza mpira anaweza kufanyiwa upasuaji wa matundu madogo, na mwishoni daktari akachoma ganzi mara moja ndani ya kiungo. Hilo ni tofauti na kuacha pampu inayoingiza ganzi ndani ya kiungo kwa siku mbili au tatu mfululizo. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu pampu hizo baada ya kupokea taarifa za wagonjwa, wengi wao vijana waliofanyiwa upasuaji wa bega, ambao gegedu za viungo vyao ziliharibika. Mzazi akisikia pampu ya ndani ya kiungo ikitajwa, ana haki ya kuuliza.

Kabla ya upasuaji, mweleze daktari

Taja vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu, dawa za presha na za kuzuia damu kuganda, na dawa yoyote iliyowahi kumdhuru mgonjwa. Taja pia kama alichomwa sindano ya steroidi kwenye goti hilo miezi ya karibuni, kwani inaweza kuongeza hatari ya maambukizi baada ya kubadilishwa goti.

Kisha uliza mambo matatu: atachomwa dawa gani kwenye goti, itaisha saa ngapi, na kidonge cha kwanza anywe lini? Andika majibu, halafu weka kengele kwenye simu, ya usiku ikiwemo.

Mkirudi nyumbani

Usiongeze dawa ya dukani bila kuuliza. Diklofenaki na ibuprofeni ni za kundi moja, hivyo kuzinywa pamoja huumiza tumbo na figo bila kuongeza nafuu. Parasetamo kwa mtu mzima isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, tena pungufu kwa mwenye ugonjwa wa ini. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa husaidia kupunguza uvimbe.

Msikande kidonda kwa maji ya moto, wala msichue misuli ya nyuma ya mguu hata kama bibi au jirani ana mikono mizuri. Pakivimba na kuuma, huenda damu imeganda, na kuchua kunaweza kuisukuma hadi kwenye mapafu. Wahini hospitali kwa uvimbe huo, kwa homa, usaha, maumivu yanayozidi licha ya dawa, au unyayo usiorudisha hisia. Mgonjwa akibanwa kifua au kukosa pumzi ghafla, msisubiri kuche.

Na mama akisema haumwi, mweleze kwamba kidonge hicho ni cha saa zijazo. Akilala vizuri usiku huu, kesho atakuwa na nguvu ya kulikunja goti.