Muguu Uliopinduka: Mukono Unatuliza Namna Gani?



Tangu mashindano ya mupira yaanze, tunaona wenzetu wanaingia darasani wakirukaruka kwa muguu mumoja. Mimi pia lilinipata nikiwa darasa la tatu. Nilishuka vibaya, muguu ukapindukia ndani. Palepale wenzangu wakanilalisha nyuma ya goli, mumoja akashika kisigino, mwingine akavuta vidole kwa nguvu: "Mufupa umetoka, tuurudishe!" Usiku kifundo kilivimba kama papai.

Mara nyingi hakuna mufupa uliotoka. Zile kamba ngumu zinazofunga mufupa na mufupa kwa upande wa inje ndizo zimevutika ao kupasuka. Mwenye kuvuta kwa nguvu anavuta kamba ileile iliyoumia!

Basi, mbona kinezi, yule munganga wa kuponya kwa mikono na mazoezi, naye anashika muguu na maumivu yanapunguka? Yeye harudishi kitu. Kifundo kilichoumia kinakazana. Jaribu: simama, sukuma goti lipite mbele ya vidole bila kuinua kisigino. Aliyeumia hawezi, kwa sababu mufupa ule unaobeba muundi hauteleze vizuri kwenda nyuma. Kinezi anaweka mukono mbele ya kifundo, anasukuma nyuma polepole, anaachilia, anasukuma tena, dakika chache tu. Hakuna haja mufupa ulie "ko!"

Sababu ingine iko katika mishipa ya fahamu. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Melzack na Wall, waliandika kwamba ndani ya uti wa mugongo kuna kama mulango: habari ya kuguswa ikiingia, habari ya maumivu inapata njia nyembamba. Njo maana ukigonga kiwiko unakisugua bila kufundishwa na mutu.

Lakini musidanganyike: utulivu huo haukawie. Unakupa nafasi ya kufanya mazoezi, nayo ndiyo kazi yenyewe: kusimama kwa muguu mumoja unapopiga meno mswaki, kusukuma goti kuelekea ukuta, kila siku. Mwenye kurudi uwanjani kwa sababu tu hasikii maumivu, anaweza kupinduka tena.

Siku za kwanza, hapana kukanda kwa nguvu, hapana maji ya moto. Kitambaa cha maji baridi dakika 15 ao 20, bandeji isiyobana sana, muguu juu ya mto. Tena, waganga wa Ottawa, kule Kanada, walitoa mwaka 1992 kipimo kizuri: kama mutu hawezi kutembea hatua 4, ao anaumia sana ukibonyeza mufupa wenyewe wa kifundo, apelekwe hospitali kupigwa radio. Mbele ya hapo asishikwe na mutu, hata rafiki.

Kwangu mimi, kinezi alianza juma la tatu. Siku ile nilishuka ngazi za hospitali bila kushika ukuta, na kesho yake maumivu yakarudi kidogo. Mupira niliuacha mpaka trimesta iliyofuata.