Horatio, Vua Miwani Tuongee

Ka umewai watch CSI: Miami, form unaijua. Mwili uko chini, Horatio Caine anavaa miwani mosmos, anadrop laini moja kali, ngoma inalipuka. Dakika 40 baadaye msee amenaswa juu ya unywele mmoja ulitolewa kwa kapeti. Na hiyo lab nayo, manze, taa za blue kila kona ka klabu ya Westi.

CSI ya kwanza, ile ya Las Vegas, ilianza 2000 ikaenda miaka 15. Ikazaa Miami, ikazaa New York. Ngori ikaanza kuonekana kortini huko kwao, juu Marekani kesi nzito huamuliwa na raia 12 wa mtaa, si ka hapa Kenya jaji anakata kesi solo. Na hao raia jioni wako kwa kochi wakicheki TV, so wasee wakaanza kulaumu TV ati inawafanya wadai ushahidi ka wa CSI.

Cheki stori ya Robert Blake, msee wa muvi. Bibi yake alipigwa risasi ndani ya gari, Los Angeles, 2001. Mastanti wawili wakaambia korti Blake aliwatafuta wammalize huyo mathee. Lakini damu kwa nguo zake hakuna, na masizi ya baruti kwa mikono hayakutosha kumfunga. 2005 wale 12 wakamwachilia. Bosi wa mashtaka akachemka hadi akawaita wajinga, peupe. Mwaka haujaisha, kesi ya fidia ikaletwa na familia ya bibi, na raia wengine wakasema ni yeye alisababisha hicho kifo, alipe dola milioni 30. Hapo sasa TV ilikuwa imeenda wapi?

Jaji mmoja wa Michigan, Donald Shelton, hakubebwa na hiyo rieng ya kulaumu TV. 2006 aliuliza watu karibu 1,000 wenye walikuwa wameitwa kusikiza kesi. Asilimia 46 walitaka ushahidi wa sayansi kwa kila kesi ya jinai, 22 wakataka DNA kila kesi. Mafans wa CSI walidai vitu mob zaidi, ni ukweli. Ikifika kusema msee ana hatia ama hana, hawakuwa tofauti kivile na wenye hawaiwatch.

Mimi naona uongo mnoma wa CSI hata si speed. Ni ile kompyuta inalia "tii", sura inatokea, kesi imeisha. Rada ya ukweli ni mashine ya alama za vidole inatema listi ya wasee wenye wanakaribiana, alafu binadamu anakaa chini na macho yake analinganisha. Hiyo part TV hukata, juu haibambi.

Na hayo macho pia hukosea. 2004, mabomu ya treni yaliua wasee zaidi ya 190 Madrid. FBI wakacheki alama ilipatikana kwa mfuko wa plastiki wenye ulikuwa na detoneta, wakaapa ni ya wakili mmoja wa Oregon. Sanse wa Hispania walikuwa washasema haimechi. FBI wakakaza. Hadi mtaalamu mwenye korti ilichagua kuangalia kwa niaba ya huyo wakili akakubaliana nao. Jamaa akalala ndani karibu wiki mbili, kabla Hispania watangaze mwenye kidole: msee wa Algeria. FBI ikaomba msamaha, na 2006 gava ikatoa dola milioni 2.