Petroli Ipo, Dereva Hayupo

Watu wengi hudhani kwamba kitu kikiadimika, basi kimekwisha. Si kila mara. Mwezi wa Septemba mwaka 2021, huko Uingereza, petroli ilikuwamo katika matangi ya kuhifadhia, lakini vituo vingi vilikauka na motokaa zikapanga foleni barabarani. Aliyekosekana ni mtu wa kuendesha lori. (Watu nao, waliposikia habari hiyo, walikimbilia kujaza motokaa zao, wakazidisha taabu.)

Ilikuwaje? Madereva wengi wa malori katika nchi ile walikuwa na umri wa zaidi ya miaka 45, na vijana hawakuwa na hamu ya kazi yenyewe: saa nyingi, kulala kando ya barabara, vyoo vya shida. Kwa miaka mingi pengo lilizibwa na madereva kutoka Polandi, Romania na nchi nyingine za Ulaya. Kisha Uingereza ikatoka katika Umoja wa Ulaya, na mwaka 2020 ukaingia ugonjwa wa korona. Wageni wengi wakarudi kwao, na mitihani ya udereva ikasimamishwa kwa miezi kadhaa.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Lori laweza kununuliwa leo, bali dereva hanunuliwi. Huko hapana budi apate kwanza leseni ya motokaa ndogo, apimwe na daktari, afaulu mtihani wa maswali na wa barabarani, na gharama yake ni maelfu ya paundi. Mwenye kampuni anayengoja mzee astaafu ndipo atafute kijana, amekwisha chelewa. Serikali ilitangaza viza 5,000 za muda kwa madereva wa kigeni. Mwanzoni waliojitokeza walikuwa wachache mno. Nani ataacha kazi kwao kwa ajili ya miezi michache? Kuanzia tarehe 4 Oktoba askari jeshi ndio waliosaidia kupeleka mafuta vituoni.

Mimi nalifikiri sana jambo hili, kwa maana baba yangu ni dereva. Huchukua mizigo bandarini Dar es Salaam kwenda Zambia, na pale mpakani Tunduma huweza kulala siku kadhaa ndani ya lori akingoja zamu. Kila likizo huniambia, "Soma, mwanangu, usije ukashika usukani kama mimi." Namheshimu, lakini nadhani wazee wa Uingereza nao waliwaambia watoto wao vivyo hivyo. Hesabu ya shehena za bandarini twaisikia redioni. Hesabu ya umri wa madereva sijapata kuisikia. Katika kidato chetu niliuliza nani angependa kazi hiyo. Walinyosha mkono wawili, na mmoja alikuwa akicheka.