Kambare wa Usiku: Chambo Kipi, na Leseni Iko Wapi?



Kila mwaka kiangazi kikianza, akina baba na vijana hapa Louisville huniuliza swali lile lile: "Ndugu, samaki wa huku wanakula nini?" Wengi wetu tumetoka Fizi, Uvira na Baraka, na ziwa tunalijua. Lakini kule Tanganyika tulitoka usiku na taa, dagaa wakaifuata, wavu ukafanya kazi. Kambare wa Kentucky hafuati taa. Anafuata harufu. Ukilielewa hilo, nusu ya kazi umeimaliza.

Kambare ana vionjo si mdomoni tu, bali kwenye sharubu na mwili mzima. Ndiyo maana hata gizani, kwenye maji ya matope, anakipata chakula. Miezi ya joto, jua likizama, hutoka kwenye vina na kusogea karibu na ukingo kutafuta chakula. Kwa hiyo usiku huna haja ya kurusha ndoana mbali sana. Huna haja pia ya kumulika maji. Taa ya kichwani iwashe unapofunga ndoana tu.

Sasa tuje kwenye chambo. Huku kuna kambare wa aina tatu, na kila mmoja ana chakula chake.

Wa kwanza ni "channel catfish". Mkia wake umegawanyika kama panda, na akiwa mdogo ana madoa meusi ubavuni. Huyu ndiye utakayempata zaidi kwenye maziwa madogo ya bustani za mjini. Hachagui sana: maini ya kuku, nyungunyungu wanene, au kamba wa dukani, vyote anakula. Maini ni rahisi kupata, lakini ni laini na hutoka kwenye ndoana ukirusha kwa nguvu. Kata kipande kidogo, kifunge ndani ya kitambaa cha soksi nyembamba za akina mama, kisha upitishe ndoana. Usiyaoshe maini, damu ndiyo inayomwita samaki. Yaweke kwenye barafu, maana yakipata joto yanayeyuka mkononi.

Wa pili ni "blue catfish", wa mto mkubwa wa Ohio. Mkia wake nao ni panda, lakini hana madoa na anakua mkubwa sana. Huyu mpe vipande vya samaki mbichi, wa leo, wenye mafuta na damu. Samaki aliyeoza hamtaki kama watu wanavyodhani.

Wa tatu ni "flathead". Kichwa chake ni bapa, taya la chini limetokeza, na mkia haukugawanyika sana. Huyu ni mwindaji wa usiku hasa, na anapenda samaki aliye hai. Ukimtaka, vua kwanza samaki wadogo kwa ndoana mahali hapo hapo unapovulia. Usibebe samaki hai kutoka ziwa moja kwenda jingine, na chambo kilichobaki usikimwage majini. Samaki wageni wameharibu mito mingi ya huku, na sheria ni kali.

Mambo mawili zaidi. Baada ya dakika 20 au 30 bila kuguswa, badilisha chambo, kwa sababu maji yameshaosha harufu yake. Na kabla ya kushika chambo, nawa mikono kama umeshika petroli au dawa ya mbu. Ukimpata samaki, angalia miiba: mmoja mgongoni na miwili pembeni nyuma ya kichwa. Inachoma vibaya.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wetu wanapoumia.

Mwaka wangu wa kwanza Marekani nilienda kuvua bila leseni. Sikujua. Kule nyumbani nani anaomba ruhusa ya ndoana? Saa nne usiku akaja askari wa wanyamapori, kwa heshima, akaandika karatasi akanipa. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, nikadhani ni onyo. Nikaiweka kwenye droo. Kumbe ilikuwa na tarehe ya mahakama. Mhudumu wangu aliiona zikiwa zimebaki siku tatu, tukaenda, nikalipa faini, yakaisha. Kama angekawia, jaji angeweza kutoa hati ya kunikamata, nami nilikuwa najiandaa kuomba green card. Kwa ajili ya kambare!

Basi shika haya:

Kila mwenye miaka 16 na zaidi anahitaji leseni ya kuvua ya Kentucky, hata kama anatumia fimbo na uzi tu. Watoto chini ya hapo hawahitaji. Leseni ya mwaka huanza tarehe 1 Machi na kuisha mwisho wa Februari, hata ukiinunua Desemba. Unaweza kuinunua mtandaoni au kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi. Wakikuuliza kama wewe ni mkazi, sema ukweli. Kama umefika juzi, tuulize kwanza.

Jumamosi na Jumapili ya kwanza ya Juni ni siku za kuvua bila leseni. Sheria nyingine zinabaki pale pale.

Kwenye maziwa ya mjini yaliyo katika mpango wa FINs, mwisho ni kambare 4 kwa mtu kwa siku. Soma kibao cha mlangoni pia: bustani nyingi hufungwa usiku, na leseni haikupi ruhusa ya kuingia.

Ukiandikiwa karatasi yoyote, usiiweke kwenye droo. Ilete ofisini kesho yake.

Kuhusu kula: samaki wa mto Ohio wana zebaki na kemikali za viwandani, hasa wale wakubwa na wazee. Serikali hutoa ushauri wa kiasi cha kula, na wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo ndio wanaopaswa kujihadhari zaidi. Chukua wadogo, waache wakubwa. Toa ngozi na mafuta, kwani kemikali nyingi hukaa humo. Lakini zebaki iko kwenye nyama yenyewe. Kuosha, kukaanga wala kukausha hakuiondoi. Njoo tukusomee orodha kabla ya kuwapikia watoto.

Mwisho, usiende peke yako usiku, na mtoto avae jaketi la kuokolea hata akiwa ukingoni. Kaeni mbali na bwawa la McAlpine. Maji ya pale yana nguvu ambayo juu haionekani. Kujua kuogelea ziwani si kujua mto huu.

Kuvua kunatuliza moyo, hasa kwa mtu anayeshinda kiwandani. Nendeni, mkae na watoto, muwasimulie ziwa letu. Ila leseni itangulie mfukoni, chambo kifuate.